Rola ya miiba, uma wa mirija au uma wa kawaida: kipi ununue kwa ajili ya majani ya uani?

Mwaka jana, wiki chache kabla ya masika, nilinunua rola ya miiba. Huenda umeiona: pipa dogo lililoota miiba ya chuma pande zote, limeshikwa na mpini mrefu, unalisukuma juu ya majani litoboe udongo ili hewa na maji vipite. Nilikuwa nimetazama video ya mzungu mmoja akiisukuma kwenye majani yake mororo kama anasukuma kigari cha mtoto, hata jasho halimtoki. Nami nikajisemea, basi dawa imepatikana.

Majani yangu yako Morogoro, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Upande wa uani, pale watoto wanapochezea mpira na gari linapogeuzia, ukoka ulikuwa umeota upara. Ukimwagilia, maji hayazami. Yanatembea juu kwa juu mpaka kwenye mfereji, jirani anapiga kelele kwamba namfulia barabara.

Nikaisukuma rola. Ikapita juu ya ule upara ikilia ka-ka-ka kama kwato za punda kwenye lami. Nilipoinama kuangalia, miiba ilikuwa imeacha vialama vya kina cha ukucha. Nikafunga tofali la saruji juu ya fremu ili kuongeza uzito. Safari hii miiba ilizama kidogo, kama sentimita mbili, lakini kabla sijamaliza nusu ya eneo mpini ukaanza kupinda pale ulipounganishwa kwa boliti.

Tangu siku hiyo nimetumia vifaa vingine vitatu kwenye uwanja uleule. Nianze na jibu, asiye na muda aende zake: rola ya kusukuma kwa mkono usiinunue, isipokuwa udongo wako ni laini, na ukiwa laini huihitaji. Uma wa mirija, ule wa kukanyaga kwa mguu unaong'oa vipande vya udongo, unafaa kununuliwa au kuchongeshwa kama una mfinyanzi na eneo lako halizidi mita za mraba mia moja hivi. Wengine wote waazime uma wa kawaida wa bustani, au wasifanye kitu. Yanayofuata ni sababu.

Kwanza jua kama una ugonjwa

Watu wengi wanatafuta dawa ya udongo ulioshindiliwa wakati udongo wao hauna shida hiyo. Chukua bisibisi ndefu, siku moja baada ya mvua au baada ya kumwagilia vizuri, uichomeke ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita kumi bila kukunja uso, udongo wako uko salama. Ikigoma kwenye sentimita tatu au nne, hapo una kesi.

Jaribu pia kopo. Kata kopo tupu la maziwa ya unga pande zote mbili, liwe kama pete. Ligongelee ardhini kidogo, ujaze maji, uangalie. Kwenye upara wangu nilijaza maji, nikaenda kunywa chai, nikarudi maji yapo vilevile, nzi mmoja anaogelea. Chini ya mwembe, hatua sita tu kutoka pale, maji yaliisha wakati nasimama kujinyoosha mgongo.

Udongo mzuri una matundu madogo kati ya chembe zake, na humo ndimo hewa na maji vinakaa. Mizizi inapumua, ikikosa hewa haishuki, inabaki juu juu, na kiangazi kikianza majani yanakuwa ya kwanza kuungua. Kukanyagwa na kuendeshewa gari kunayabana matundu hayo, na ubaya mkubwa uko kwenye sentimita tano hadi kumi za juu. Ndiyo maana kifaa kinachotoboa sentimita mbili hakijagusa tatizo.

Kaka yangu anakaa Kigamboni, udongo wake kichanga kitupu, kapanda majani ya Pemba yale ya jani pana. Alipoona nahangaika akataka naye anunue. Nikamwambia, kaka, mchanga wako una matundu kuliko kichujio cha chai. Maji yanashuka kabla hujafunga bomba. Yeye anahitaji mboji na samadi ili udongo ushike maji. Kutoboa ni kumuongezea hasara.

Upande wa pili kuna udongo mweusi wa mbuga, ule Wakenya wanauita udongo mweusi wa pamba, umejaa Kitengela na Athi River. Huo ni mfinyanzi wenye tabia zake: mvua ikinyesha unavimba na kunata kama ugali mbichi, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa zinazoingia vidole. Kwa maana nyingine unajitoboa wenyewe kila kiangazi. Shemeji yangu wa Kitengela aliuazima uma wangu wa mirija, akaurudisha mirija imeziba mpaka juu kama soseji. Huko ningetumia fedha kwenye mboji na kwenye njia ya kupitisha maji ya mvua kwanza.

Na kuna majani yanayokufa kwa sababu nyingine kabisa: kivuli cha mwembe, fyekeo linalopita chini mno hadi shina linabaki uchi, au njaa tu ya mbolea. Ukiwa unakata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo, acha hilo kwanza kabla hujaenda dukani.

Hesabu ya uzito, ambayo muuzaji hatakufanyia

Mwiba unaingia ardhini kwa sababu kuna uzito juu yake. Muhimu ni kujua kila mwiba unabeba kilo ngapi.

Rola yangu ilikuwa na uzito wa kilo nane au tisa. Ukiongeza nguvu ya mikono inayoigandamiza chini wakati wa kusukuma, tuseme jumla ni kilo 20, na hapo tayari nimekuwa mkarimu kwa sababu mtu akisukuma nguvu nyingi inakwenda mbele, haiendi chini. Kwa wakati wowote miiba inayogusa ardhi ni mitano au sita. Kila mmoja unapata kilo tatu na kitu. Mfuko wa unga.

Sasa uma wa mirija. Una mirija miwili, na juu yake kuna chuma cha kukanyagia. Mimi nina kilo 70. Nikisimama juu yake kwa uzito wangu wote, kila mrija unabeba kilo 35. Ni kweli mrija ni mnene kuliko mwiba, kwa hiyo unahitaji nguvu zaidi kuzama. Lakini unakata kwa ukingo wake mwembamba, na tofauti ya mara kumi ya uzito inafidia hayo na chenji inabaki.

Uma wa kawaida wa bustani wenye meno manne: kilo 70 gawa kwa nne, kilo 17 na nusu kwa jino. Unazama, hasa ukiutikisatikisa.

Kandambili za misumari, zile unazofunga kwa mikanda chini ya viatu halafu unatembea nazo kama bata, nilijaribu za kuazima. Zilikuwa na misumari 13 kila upande. Ukisimama kwa mguu mmoja, kila msumari una kilo tano na kidogo, nafuu kuliko rola. Lakini mkanda ukilegea kandambili inageuka upande na kifundo cha mguu nacho kinageuka. Kwenye udongo mgumu nilikuwa nasimama juu ya misumari kama mtu wa sarakasi. Kwenye udongo laini misumari iling'ang'ania na kandambili ikabaki nyuma. Nimezirudisha, sina zaidi la kusema juu yake.

Shimo na shimo haviko sawa

Mwiba unasukuma udongo pembeni. Hautoi kitu. Ule udongo uliokuwa kwenye nafasi ya shimo umekwenda wapi? Umebanwa kwenye kuta za shimo. Kwenye mfinyanzi wenye unyevu kuta hizo zinalainishwa zinang'aa kama ndani ya chungu, na jinsi miaka inavyokwenda unaweza kuongeza ubanaji uleule uliokuwa unaukimbia. Faida ya mwiba ipo, ila ni ya muda mfupi: maji yanapata vijishimo vya kuingilia kwa siku kadhaa, kisha vinajifunga.

Mrija unang'oa. Unazama, udongo unaingia ndani yake, na ukikanyaga hatua inayofuata kipande cha nyuma kinasukumwa nje kupitia tundu la juu na kudondoka kwenye majani. Kinatoka kama kipisi cha mshumaa, kina urefu wa sentimita sita au saba, kichwani kina kijani cha ukoka, katikati mizizi myeupe, chini udongo mwekundu mtupu ambako mizizi haikuwahi kufika. Vipande vyangu vya kwanza viliniambia habari yote: mizizi ilikuwa imekomea sentimita tatu. Nafasi iliyobaki ardhini ni nafasi ya kweli, udongo wa pembeni una mahali pa kutanukia.

Lakini tusitiane moyo kupita kiasi. Nilipiga hesabu ya eneo. Mrija wangu unaacha shimo la kipenyo cha milimita 21 hivi. Ukitoboa kila baada ya sentimita 15, unapata mashimo 44 kwenye mita moja ya mraba, na yote kwa pamoja ni kama asilimia moja na nusu ya uso wa ardhi. Asilimia moja na nusu! Hiyo ndiyo kazi ya kifaa kizuri baada ya kuvuja jasho. Rola yenye miiba ya milimita 6, hata ikitoboa mashimo 100 kwa mita ya mraba, inagusa chini ya theluthi moja ya asilimia moja, tena bila kutoa chembe ya udongo. Ndiyo maana kutoboa mara moja hakubadilishi uwanja. Ni kazi ya misimu miwili mitatu, na inayosaidia zaidi ni kile unachokitia kwenye mashimo baadaye.

Uma wa mirija: kuununua au kuuchongesha

Wa dukani nimeuona, umeagizwa nje, na bei yake ilinifanya nirudishe mkono mfukoni. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza madirisha na mageti mtaani kwetu. Nikamchorea kwenye boksi la misumari.

"Bosi, hiki ni cha kuchimbia viazi?"

"Cha kutoboa majani, fundi."

Akanitazama. "Kutoboa majani? Yamekukosea nini?"

Kazi yenyewe ilimchukua asubuhi moja. Mirija ni vipande viwili vya bomba la chuma la maji la nusu inchi, ambalo kwa ndani lina kipenyo cha milimita 16 hivi, kila kimoja urefu wa kama sentimita 20. Vimechomelewa kwenye chuma cha pembe, vimeachana sentimita 15. Juu ya chuma hicho pana nafasi ya mguu kila upande, na katikati limepanda bomba jingine refu hadi kiunoni na mpini wa kulala. Kila mrija umekatwa dirisha ubavuni, kuanzia kama sentimita nane kutoka ncha, ili kipande cha udongo kipate pa kutokea.

Kuna siri moja ambayo ukikosea kifaa chote ni chuma chakavu. Ncha ya mrija lazima iwe nyembamba kidogo kuliko tumbo lake. Fundi aliinoa kwa nje, kisha akaigonga taratibu kuelekea ndani, nywele moja tu. Hapo kipande kinakatwa kikiwa chembamba kuliko mrija na kinapanda bila kusugua kuta. Mrija ulionyooka mwanzo mwisho unaziba kwenye shimo la tano. Najua kwa sababu wa kwanza tuliutengeneza hivyo, na nilitumia muda mwingi kuzibua kwa kipande cha nondo kuliko kutoboa.

Muda: uwanja wangu wenye shida ni mita za mraba 60. Kwa nafasi ya sentimita 15 hayo ni mashimo 2,660 na ushee, na kwa kuwa kila kukanyaga ni mashimo mawili, nimekanyaga mara 1,330. Kila kukanyaga ni sekunde nne ukiwa na pumzi. Saa moja na nusu, ukiondoa mapumziko ya kunywa maji na kuzibua. Inawezekana, nyonga iliniambia kesho yake. Ila mwenye mita za mraba 300 afanye hesabu hiyohiyo: kukanyaga 6,600 na zaidi, saa saba na kitu. Huyo asinunue kifaa cha mguu kwa ajili ya uwanja mzima. Atoboe njia na upara tu, au atafute watunza bustani wenye mashine ya injini kama wapo karibu naye. Wanaotunza viwanja vya gofu na vya mpira ndio wenye mashine hizo, na kwao zina maana.

Tahadhari nimeilipia. Kwenye kukanyaga kwa mia saba na kitu nilisikia kama pumzi, kisha maji yakaruka usawa wa goti. Aliyelaza bomba la plastiki la kwenda kwenye tangi alilizika sentimita nane tu. Nilifunga koki, nikaenda mjini kununua kiungio, jioni ikaisha. Kabla hujakanyaga popote, kumbuka bomba lilipita wapi na waya wa taa za bustani ulipita wapi. Kama hukumbuki bomba lilipita wapi, chunguza kwa bisibisi taratibu kwenye mstari kati ya mita ya maji na nyumba.

Uma wa kawaida, mnyonge tunayemdharau

Ukiniuliza kifaa gani kina thamani kubwa kwa fedha ndogo, si ule niliochongesha. Ni uma wa bustani wenye meno manne manene, ambao nyumba nyingi zenye shamba la mboga zinao tayari. Unaukanyaga uzame sentimita kumi au zaidi, unauvuta mpini kwako kidogo hadi uone ardhi inainuka kama mkate unaoumuka, unauchomoa. Usigeuze udongo. Lile tendo la kuinua linapasua udongo ndani, na hapo ndipo uma unapoishinda rola ya miiba kwa mbali ingawa vyote viwili havitoi kipande.

Hasara zake: mgongo unachoka haraka kuliko kwa uma wa mirija, uso wa majani unabaki na matuta madogo, na kwenye upara uliokauka kama tofali meno yanapinda. Wa bei rahisi wenye meno ya bati nene usiutumie kabisa. Tafuta wa chuma cha kufuliwa.

Mimi nina kipimo changu cha kununua vitu vya bustani. Nagawa bei ya kifaa kwa ujira wa kibarua wa siku moja mtaani kwetu. Kutoboa kunafanyika mara mbili kwa mwaka. Kibarua mwenye uma anamaliza uwanja kama wangu kwa siku moja. Kama kifaa kinagharimu zaidi ya ujira wa siku sita, maana yake kitachukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha fedha yake, na kwa miaka yote hiyo jasho ni lako. Rola yangu haikufaulu mtihani huo hata kabla haijapinda. Uma wa fundi ulifaulu vizuri, bomba na chuma cha pembe ni vyuma vya mabaki na ufundi ulikuwa wa nusu siku. Wa kuagiza ulifeli.

Lini, na nini kifuate

Hapa video za nje zinapotosha watu. Za Marekani na Ulaya zinasema toboa mwishoni mwa kiangazi au vuli yao, kwa sababu majani ya kwao mengi ni ya baridi na ndipo yanapokua. Ndugu zetu walioko Minnesota wafuate hiyo. Sisi tuna ukoka, paspalamu, na kule nyanda za juu majani ya Kikuyu, ambayo asili yake ni milima ya huku kwetu Afrika Mashariki kabla hayajapelekwa Australia na California yakawaletea hao jamaa kazi ya kuyang'oa. Yote ni majani ya joto. Yatoboe yanapokua kwa nguvu: mvua za kwanza za masika zikishalainisha ardhi, na kama una upara sugu, tena vuli.

Siku yenyewe, shika udongo kiganjani uuminye. Ukishikana kama kitonge na ukiuachia hauachi tope kwenye vidole, toka na kifaa. Ukipakaza, subiri siku mbili. Ukimeguka kuwa vumbi, mwagilia leo utoboe kesho. Mwaka huu kijana anayenisaidia bustanini, ambaye ananiita mzee ingawa nimempita miaka tisa tu, alitaka tutoboe mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Tulijaribu mita mbili. Mirija ilitoa kitu kama dawa ya meno.

Vipande viache palepale. Vinapendeza kidogo sana, mke wangu aliniuliza kama kuna mbwa amepita, lakini baada ya wiki mbili za mvua na kukatwa majani vinayeyuka na kurudi chini, na vijidudu vilivyomo husaidia kuozesha lile blanketi la vijiti na mizizi mikavu linalojikusanya chini ya majani. Wenye majani ya Kikuyu wanalijua blanketi hilo; ukilikanyaga unahisi uko juu ya godoro. Likizidi sentimita moja na nusu maji yanaishia humo.

Kisha tia mboji iliyochekechwa, usukume kwa reki au ufagio wa chelewa iingie mashimoni. Mchanga mtupu kwenye mfinyanzi sikushauri, maana ukiuchanganya kidogo kidogo na mfinyanzi unapata kitu kinachofanana na malighafi ya matofali. Mboji inaleta nyungunyungu, na nyungunyungu wanatoboa usiku kucha bila malipo wala kiungo cha bomba.

Na kwa ile njia ya moja kwa moja kutoka getini hadi mlango wa jikoni, ambayo kila mtu anaikata hata ukiweka kamba, usitoboe. Nilitoboa mara mbili, ikarudi kuwa lami ndani ya mwezi. Sasa nimepanga mawe bapa ya kukanyagia, hatua kwa hatua. Mawe hayo yamenisaidia kuliko kifaa chochote nilichokitaja.

Uwanja kwa uwanja

Mfinyanzi, eneo dogo, watoto na wageni wengi: uma wa mirija, chongesha kwa fundi, angalia ncha. Mfinyanzi na eneo kubwa: toboa sehemu zilizoumia tu kwa uma wa mirija, pengine uma wa kawaida na kibarua. Una shamba la mboga na tayari una uma: anza nao, usinunue kitu mwaka huu. Kichanga cha pwani: mboji na samadi. Udongo wa mbuga: mboji, mifereji, subira. Umepangisha na hujui utakaa mpaka lini: azima.

Nani basi anunue rola ya kusukuma? Nimetafuta mtu huyo kwa haki kabisa. Labda mwenye majani mazuri tayari, udongo tifutifu, anayetaka mbolea ya punje na maji vishuke haraka kidogo baada ya kuviweka, na ambaye mguu au nyonga hairuhusu kukanyaga. Kwa huyo rola nzito yenye kisanduku cha kuwekea mawe inaweza kumfaa. Kwenye upara, hapana.

Kopo langu la maziwa nimelirudisha palepale baada ya misimu miwili ya uma wa mirija na mboji. Maji bado hayaishi haraka kama chini ya mwembe, ila siku hizi siwezi kwenda kunywa chai nikarudi nikayakuta maji. Ukoka umeingia kutoka pembeni na kufunika zaidi ya nusu ya upara. Pale gari linapogeuzia umegoma, na nadhani pale patakuwa pa kokoto tu.

Ile rola iko stoo, mpini umenyooshwa kwa nyundo. Mke wangu ndiye aliyeipatia kazi. Anapohamishia vitunguu kutoka kitaluni, analainisha tuta, anaipitisha mara moja, na mashimo yanatokea yamepangika sawasawa, kila shimo mche wake.